Kinyozi ana bei ya jioni, LUKU haina

Kwenye kioo cha kinyozi mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, chini ya picha za mitindo ya nywele ambayo hakuna anayeiomba tena, kuna kipande cha boksi kimebandikwa kwa selotepu. Kimeandikwa kwa maka pen: "Betri asubuhi 1,000. Betri jioni 1,500." Pembeni ya mlango, sakafuni, betri tatu za bodaboda za umeme zimepangwa kama madumu ya maji, kila moja na chaja yake inayovuma, zote zimechomekwa kwenye ekstensheni moja.

Nilimuuliza jioni imefanya nini hadi iwe ghali.

"Anko, jioni nikichomeka zote tatu mashine inazubaa. Inang'oa nywele badala ya kukata. Mteja anapiga kelele. Sasa anayetaka kuchaji jioni alipie kelele."

Sehemu ya tatizo lake ni ile ekstensheni, nyembamba kama kamba ya viatu, na nilimwambia. Lakini jambo kubwa kalipata bila kufundishwa na mtu: uniti ya saa nne asubuhi na uniti ya saa mbili usiku si bidhaa moja, hata kama mita inazikata sawa. Mamlaka zinazopanga bei ya umeme nchini hazijafika alipofika yeye na kipande chake cha boksi. Na wakati vyombo vya umeme vinaongezeka Dar, saa ya kuchaji ndiyo itakayoamua kama vitatusaidia au vitatuunguzia transfoma.

Mjadala wetu umekwama kwenye swali la zamani: umeme utatosha? Ni swali la haki kwa mtu aliyeishi Dar mwishoni mwa 2023, alipokuwa akipanga kupiga pasi kwa ratiba ya mgao. Ila majibu yake yamebadilika haraka kuliko mazoea yetu. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulipoingizwa kwenye gridi Februari 2024, mahitaji ya juu kabisa ya nchi nzima yalikuwa chini ya uwezo wa bwawa hilo peke yake. Miezi miwili baadaye, mvua zikiwa kubwa, baadhi ya vituo vya umeme wa maji vilizimwa kwa sababu umeme ulizidi. Watu walicheka mitandaoni: jana giza, leo tunazima mitambo.

Kisha Machi 2025, Rais Samia akiwa Kilimanjaro, alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya Kaskazini. Ulizuka ubishi mkubwa, nchi yenye bwawa jipya inanunuaje umeme kwa jirani? Maelezo yalikuwa kwamba umeme unaosafirishwa kutoka huku chini hadi Kaskazini unapotea mwingi njiani. Mtu anaweza kuupenda mpango ule au kuuchukia, lakini aliyesikiliza vizuri alisikia habari yenyewe: shida imehama kutoka kwenye bwawa kwenda kwenye waya. Na Dar waya una ncha ambayo haizungumzwi sana, nayo ni transfoma, lile pipa la kijivu juu ya nguzo mbili, mwisho wa mtaa wako.

Tufanye hesabu ya mtaa. Chukua transfoma ya kVA 100 (kVA ni kipimo cha mzigo inaoweza kubeba), ya kawaida tu, inayolisha nyumba 60. Saa mbili usiku kila nyumba, ukichanganya aliyewasha pasi na aliyelala, inavuta wastani wa kilowati moja: friji, feni, televisheni, taa. Hizo ni kilowati 60, na transfoma inapumua. Sasa jirani mmoja kanunua gari la umeme lililotumika kutoka Japani na kafunga chaja ya ukutani ya ampea 32. Kwa volti 230 chaja hiyo inavuta kilowati 7 na ushee, sawa na nyumba saba za jirani zake, kwa saa kadhaa mfululizo. Wakifika watano wenye magari hayo, na wote wakarudi kazini kupitia foleni ileile na kuchomeka saa ileile, mtaa umefika kilowati 97. Transfoma ya kVA 100, ukishatoa upotevu wa friji na feni zinazovuta umeme vibaya, inabeba kama kilowati 90 hivi. Wametosha watu watano, wala hatukuhitaji mapinduzi ya usafiri.

Na hapo nimekuwa mpole, kwa sababu nimechukulia mzigo umegawanyika sawa kwenye fezi tatu, yaani nyaya tatu za moto zinazotoka kwenye transfoma. Kila nyumba ya kawaida imeungwa kwenye fezi moja, ile iliyokuwa karibu na mkono wa fundi siku ile. Magari matatu yakiangukia fezi moja, fezi hiyo inazidiwa huku nyingine mbili zina nafasi, na nyumba ya mwisho kwenye laini inaona volti zikishuka hadi friji inanguruma bila kupoza. Wakazi wa Goba na Chanika, ambako laini ni ndefu na nyumba zinaota kila mwezi, wanajua ninachosema bila habari ya gari lolote.

Transfoma yenyewe haifi papo hapo. Ina uvumilivu: ukiizidishia mzigo saa mbili, kisha ukaiacha ipoe usiku, inasamehe. Ndani yake nyaya zimefungwa kwa karatasi na kuzamishwa kwenye mafuta, na karatasi hiyo ndiyo umri wake. Kanuni ya mafundi ni kwamba joto la ndani likipanda nyuzi 6 juu ya kiwango, karatasi inazeeka kwa kasi maradufu, zikiongezeka 6 nyingine, maradufu tena. Dar ya Februari haina usiku wa kupoza kitu. Kwa hiyo mtaa utaishi miaka miwili au mitatu ukiona kila kitu kiko sawa, halafu siku moja utasikia mlio, na watu watasema transfoma ilikuwa feki.

Kwenye saa hizohizo za jioni kuna mgeni mwingine anakuja, tena kwa baraka za serikali. Mkakati wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania waachane na kuni na mkaa ifikapo 2034, na sehemu ya njia ni jiko la presha la umeme, lenye kilowati moja hivi. Silipingi, mkaa umetuumiza vya kutosha. Nasema tu kwamba maharage na betri vitakutana saa moja na nusu usiku kwenye transfoma moja.

Hapa ndipo Dar ina bahati ambayo wengi hawaioni, maana wanatazama picha za Ulaya. Norway, ambako karibu magari tisa kati ya kumi mapya yaliyouzwa 2024 yalikuwa ya umeme, gari na betri yake ni kitu kimoja. Gari likitembea betri inatembea, likilala betri inachaji. Vyombo vyetu vya umeme haviko hivyo. Ukiondoa treni ya SGR, ambayo tangu 2024 ndiyo chombo kikubwa cha umeme tulichonacho na ina laini zake yenyewe, sehemu kubwa ya safari ya umeme mjini ni ya bodaboda na bajaji. Na betri ya bodaboda inachomoka. Dereva yuko Mwenge na abiria, betri yake ya pili iko Tabata inachaji. Saa ya kuchaji imeachana na saa ya kusafiri, kitu ambacho wahandisi wa kwingine wanakitafuta kwa programu za gharama.

Dereva anayekimbia kilomita mia kwa siku anakula kama uniti nne (uniti moja ni kilowati moja kwa saa nzima). Bodaboda elfu kumi ni uniti elfu arobaini kwa siku. Zikichajiwa zote ndani ya saa tatu, kuanzia saa moja hadi saa nne usiku, unahitaji zaidi ya megawati 13 kwenye dakika ambazo kila mtu amewasha taa. Zikisambazwa kwenye saa ishirini, ni megawati 2. Umeme ni uleule, pikipiki ni zilezile, na abiria hajui lolote. Tofauti yote iko kwenye saa.

Sasa panda juu ya paa. Mgao wa 2023 uliwafundisha watu wa Dar kununua inveta na betri za lithiamu, na aliyewahi kupita Kariakoo anajua paneli za sola zinavyopakiwa kwenye guta kama mabati. Mfumo wa kilowati 5 juu ya bati la Dar unatoa kama uniti 20 siku ya jua, zinazotosha bodaboda tano kutwa nzima. Lakini uniti hizo zinakuja kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, mwenye nyumba akiwa mjini na watoto wakiwa shule. Nyingi zinakwenda bure, au inveta inazipunguza kwa sababu hazina pa kwenda. Wakati huohuo kinyozi ana betri tatu zinazotafuta umeme wa asubuhi. Watu hawa wawili wanaishi mtaa mmoja na hakuna utaratibu unaowakutanisha.

Kanuni za kubadilishana umeme na gridi zipo tangu 2018. Mwenye sola anaweza kisheria kusukuma ziada yake kwenye laini na kuhesabiwa. Kwa mtu wa kawaida, hata hivyo, jambo hilo halijawa la mtaani kama lilivyo kununua LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa simu. Sehemu ya woga wa shirika la umeme inaeleweka. Paneli nyingi zikisukuma umeme saa saba mchana kwenye laini isiyo na mtumiaji, volti zinapanda badala ya kushuka, na televisheni ya jirani inalipa. Kubwa zaidi ni usalama. Kila aliyewahi kuwasha jenereta bila chenjiova, ile swichi inayoitenga nyumba na gridi, akarudisha umeme kwenye laini ambayo fundi anaishika juu ya nguzo akijua imezimwa, ametembea pembeni mwa mauaji. Inveta nzuri za kuunganishwa na gridi zimetengenezwa kujizima gridi inapozima. Nyingine zilizoko sokoni zina stika inayosema hivyo na si zaidi. Kabla ya kuruhusu mtaa mzima kusukuma umeme, mtu lazima azipime hizo inveta, wala sioni njia ya mkato.

Lakini angalia uzuri wake ukishapangwa. Bwawa la maji halitoi umeme kwa ratiba ya jua. Linatunza. Kila uniti ya sola inayotumika Dar saa saba mchana ni maji ambayo Rufiji haikulazimika kuyapitisha kwenye mtambo, yanangoja saa mbili usiku. Mwaka wa mvua kubwa hilo halina maana sana, ila tumeshaona miaka ya ukame, na itarudi. Nchi nyingine zinanunua mabetri makubwa kwa kazi hiyo. Sisi tumeshalijenga betri, tumeliita bwawa.

Tusipopanga, watu watajipangia. Pakistan iliagiza paneli za karibu gigawati 17 kwa mwaka mmoja, 2024, kwa sababu umeme wa gridi ulikuwa ghali na hauaminiki. Wenye nacho wakapanda paa zao, wakapunguza kununua gridi, na gharama za mitambo iliyokwisha kukopewa zikabaki kwa wasio na paa la kufunga paneli. Wenye nacho wa Masaki na Mikocheni wanaweza kuondoka hivyo kimyakimya, wakibakiza waya wa TANESCO kama bima ya siku ya mawingu. Gharama ya nguzo na transfoma haitaondoka nao. Itabaki Manzese.

Nirudi kwenye bei, kwa sababu ndipo pa kuanzia. LUKU haijui saa. Wasomaji watakumbuka mwaka 2024, kabla ya Novemba 24, tulipotakiwa kuingiza tarakimu 20, kisha 20 nyingine, ndipo zifuate zile za tokeni yenyewe. Wapo waliodhani ni utapeli. Ukweli wake ulikuwa mzuri kuliko uvumi. Tokeni za mita za aina hii duniani kote zina namba ya muda ndani yake, inayohesabu dakika tangu mwanzo wa 1993, na nafasi ya namba hiyo ilikuwa inajaa mwezi ule. Mita ililazimika kufunguliwa ukurasa mpya. Kwa hiyo mfumo unajua dakika uliponunua umeme. Unapoutumia, haujali: uniti yako inakatwa vilevile saa mbili usiku na saa tisa usiku.

Wateja wakubwa, viwanda na mahoteli, wanalipia pia kVA, yaani kilele chao cha mwezi, kwa hiyo meneja wa kiwanda ana sababu ya kutowasha kila kitu kwa pamoja. Mwenye chaja ya kilowati 7 nyumbani hana sababu hiyo hata moja. Analipa shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, 356 hivi baada yake, iwe amesaidia mtaa au ameuchosha.

Wenzetu wamejaribu njia mbalimbali. Kenya ilitenga bei ya usafiri wa umeme mwaka 2023, na saa za usiku ikaiweka nusu ya bei ya kawaida. Ujerumani, tangu Januari 2024, inamruhusu mwendesha gridi kubana chaja mpya za nyumbani hadi kilowati 4.2 laini ikizidiwa, haruhusiwi kushuka chini ya hapo, na mwenye chaja anapunguziwa ada ya gridi. Ya Ujerumani inahitaji mawasiliano na kila nyumba, na sisi bado tunatafuta mtandao tukiingia bafuni. Uingereza ina kanuni ndogo ambayo ningeiiba kesho: chaja janja ya nyumbani haianzi kuchaji papo hapo muda wa bei rahisi unapofika au umeme unaporudi. Inasubiri dakika yoyote ya bahati nasibu, hadi kumi, ili zote zisivamie pamoja.

Fikiria kanuni hiyo kwetu, tunaojua kishindo cha umeme ukirudi. Mtaa unashangilia, na sekunde ileile mafriji yote yanaanza, inveta zote zinaanza kujaza betri zilizokauka, pampu za maji zinapiga. Mara nyingi fyuzi ya transfoma inakatika hapohapo, na shangwe inageuka miguno. Ongeza chaja za bodaboda kwenye sekunde hiyo. Kuchelewesha chaja dakika kumi hakuhitaji waya mpya wala mkopo. Kunahitaji sharti moja kwenye viwango vya chaja na inveta zinazoingia bandarini, kabla hazijawa laki moja.

Bei ya saa nayo haihitaji kubadili mita za nchi nzima. Mpe mita janja yule tu anayeomba kuchaji vyombo: kituo cha kubadilishia betri, mwenye gari, kinyozi. Mita ya pili, bei yake yenyewe: rahisi kuanzia saa tano usiku hadi alfajiri, rahisi tena kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri jua linapowaka, ghali kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku. TANESCO haitapoteza, maana saa za usiku wa manane mitambo ipo na wateja wamelala. Kuuza uniti kwa bei ya chini pale ni bora kuliko kutoiuza.

Wapo wanaosema dereva wa bodaboda hataangalia bei ya saa, anaishi kwa siku. Hawajakaa kijiweni. Anajua bei ya petroli kwenye vituo vitatu, anajua kipi kinapunja, na lita moja iliyopita shilingi 2,500 zamani ndiyo iliyomfanya asikilize habari za umeme kwanza. Tofauti ya mia tano kwenye kioo cha kinyozi inatosha kumfanya aache betri saa mbili asubuhi na kuipitia saa saba.

Hesabu inayomtesa ni nyingine, na haiko kwenye kioo. Madereva wengi wanaishi kwenye nyumba za daraja la D1, uniti 75 kwa mwezi kwa shilingi mia moja kila moja kabla ya kodi, bei iliyowekwa kumsaidia mtu wa kipato kidogo. Akichaji nyumbani uniti nne kwa siku, siku ishirini na sita za kazi, ni uniti 104 za pikipiki peke yake. Kila inayozidi 75 ni shilingi 350, na akiendelea hivyo anatolewa kwenye daraja lenyewe, pamoja na friji ya mke wake na taa ya watoto. Dereva mmoja niliyemkuta pale kwenye kiti akinyolewa alishapiga hesabu hiyo kwa kidole juu ya simu, akaona bora elfu moja ya kinyozi. Betri yake ilikuwa ya kwanza kushoto, taa ya chaja bado nyekundu, saa tano kasoro robo asubuhi.